Masika Bila Hamira

Jumatatu, 9 Februari 1998

Daktari Astère ameniagiza niandike kila siku ninachokula na jinsi mwili unavyopokea. Nimechukua daftari la shule, nimechana kurasa mbili zilizokuwa na majedwali ya kuzidisha ya darasa la nne ninalofundisha. Naandika kwa Kiswahili, lugha ya mtaa wa Buyenzi nilikozaliwa, kwa sababu mume wangu Sylvère anakiongea sokoni tu na hana subira ya kukisoma.

Leo: mkate na chai asubuhi. Mkate wa mwisho. Mchana maharage.

Miaka miwili nimewashwa mwili mzima, tumbo limejaa, ulimi mweupe wenye vidonda. Wamenitibu minyoo, wakanitibu malaria, wakasema ni mawazo. Muuguzi mmoja alimnong'oneza mwenzake kuhusu ukimwi nami nimekaa palepale mbele yao, na jioni ile Sylvère alihamishia godoro lake sebuleni. Hakuniuliza neno. Alirudi chumbani baada ya miezi minne, majibu ya damu yalipotoka safi.

Astère ndiye wa kwanza kuniuliza ninakula nini. Amesema adui yangu ni hamira. Mpaka masika yaishe nisiguse mkate, maandazi, bia, pombe ya ndizi wala ya mtama, siki wala jibini. Akanipa karatasi ya Kifaransa iliyonakiliwa kutoka kitabu cha Ulaya. Inasema badala ya mkate nile biskuti za shayiri, na samaki wa bahari ya baridi, na jibini la soya. Nchi iko kwenye embargo, majirani wametufungia biashara mwaka wa pili huu, hata sukari tunaipanga foleni. Nilikunja karatasi ile barabarani mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Jumanne, 10 Februari

Viazi vitamu. Chai tupu. Nimewafokea watoto arobaini na nane kwa kosa la mmoja.

Jumamosi, 14 Februari

Nilishuka Buyenzi kwa Khadidja. Tumekua uani pamoja, na sasa anakaanga chapati mlangoni kwake. Nilimsomea karatasi yote huku akisukuma unga.

"Sasa we unalia nini?" aliniuliza. "Hii chapati yangu iko na hamira? Apana. Ni unga, maji, chumvi na mafuta. Ugali iko na hamira? Sombe ya majani ya muhogo? Ndagala, samaki ndogo ya ziwa? Wazungu wameandika vyakula vyao, we andika vyako."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi mutu anakula kilichobaki. Wali wa jana unaukaanga na kitunguu na yai. Ao ndizi ya kuchemsha na avoka. Mi tangu embargo ianze sijanunua mukate, unaniona nimekufa?"

Akanionya kitu kimoja tu ambacho daktari hakukijua: nisinunue unga wa muhogo uliolowekwa, maana ule umechacha, ninunue wa muhogo uliomenywa ukakaushwa juani. Niligeuza karatasi ya Ulaya nikaandika nyuma yake. Mukeke, samaki wa ziwani, wa kuchoma na ndimu mahali pa siki. Mchicha wa lengalenga na karanga. Mchele wa Buterere. Maharage na ndizi mbichi katika sufuria moja. Nilipomaliza, ukurasa ulikuwa umejaa na Khadidja alikuwa amenilisha chapati tatu.

Njiani nikarudi na hasira mpya. Miaka miwili, na dawa ilikuwa inauzwa kila kona ya mji.

Jumapili, 22 Februari

Ubatizo wa mjukuu wa Spès, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mke wa mzee Aloys. Walikuwa na pombe ya ndizi, mtungi mkubwa. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone kwamba hamna sumu, kisha humpa mgeni mrija uleule. Spès alionja, akaufuta mrija kwa kiganja, akanielekezea.

"Nisamehe," nilisema. "Daktari amenikataza."

"Amekukataza pombe?"

"Hamira. Kila kilichochachuka."

Alibaki ameushika mrija hewani. Wanawake wa kwenye mkeka waligeuka. Kuukataa mrija ni kusema jambo ambalo watu hawalisemi. Nilieleza tena, nikaeleza mpaka vidonda vya ulimi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo. Mwisho Spès aliinama akanywa yeye, kirefu, akinitazama.

Sylvère hakuongea njia nzima, na njia yenyewe ni hatua ishirini.

Jumanne, 3 Machi

Bombani. Mama mmoja, sitamwandika jina, aliniuliza mbele ya foleni: "Mwalimu, ni kweli unasema kwa Spès kuna sumu?" Nikamjibu kwamba nina ugonjwa wa tumbo. Akasema, "Ulikuwa unakunywa kwake miaka yote hii." Nikabeba ndoo zangu zikiwa zimejaa nusu.

Ni kweli, nilikuwa nakunywa.

Jumamosi, 14 Machi

Leo nimefunga kifungo cha sketi ya bluu ambayo nilikuwa sijaivaa tangu 1996. Ulimi mwekundu. Wiki nzima sijawashwa.

Nimepika kama mtu mwenye sababu: mukeke wawili wa kuchoma, ndimu, pilipili, sombe iliyochemka tangu asubuhi na mafuta ya mawese, wali. Binti yangu Ingrid alilamba vidole akasema, "Maman, kumbe ugonjwa wako ni mtamu." Tulicheka sote, hata Sylvère. Mvua ilipiga bati tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Naiandika siku hii yote kwa sababu sikuwaka hasira hata mara moja.

Jumamosi, 21 Machi

Sylvère ametoka kwenye maongezi na jamaa za Eddy, mchumba wa Ingrid. Posa ni tarehe 25 Aprili, hapa nyumbani. Eddy ni mtoto wa kaka yake Spès, baba yake amefariki. Kwa hiyo atakayesimama kuwasemea, kutuletea maneno ya ng'ombe wa mahari na kunishikia mrija mkononi, ni mzee Aloys.

"Utakunywa," Sylvère alisema. Hakuwa anauliza.

 Nimekaa na daftari hili tangu saa nane na sasa nitaandika kitu ambacho si chakula.

Nilikuwa na mdogo wangu, Méthode. Mama yetu mmoja, baba tofauti, wa kabila lile lingine, na yeye alifanana na baba yake. Siku zile uso ulitosha kukuua. Aliishi nasi hapa Musaga, chumba cha nyuma, akitengeneza redio. Juni 1995 mji ulifungwa siku mbili, vijana wakaweka bariyeri barabarani hapa, mawe na matairi. Méthode alitoka saa tano asubuhi kwenda kununua betri. Mimi nilikuwa nimekwama shuleni, Sylvère kazini mjini. Walimzuia mbele ya nyumba ya Aloys. Aloys alikuwa amekaa barazani.

Hayo mengine niliambiwa na Sijaona, mama anayeuza makaa kwenye kona, wiki moja baadaye. Alisema Méthode hakuogopa. Alisema aliwaambia vijana, "Mimi ni wa hapa. Muulizeni mzee Aloys, ananijua." Wakamgeukia Aloys wakamuuliza. Aloys akasema, "Simjui."

Wakamchukua kuelekea mtoni. Hatukupata mwili, kwa hiyo matanga yake hatujayaondoa mpaka leo.

Jioni ya pili Aloys aliniletea kreti mbili za bia za kilio. Nilikunywa. Nilipokwisha kuambiwa na Sijaona, nikanywa tena: Krismasi, harusi ya binti yao, ubatizo, kila mara. Nilijiambia tunaishi mlango kwa mlango, na vijana wale, wengine wao sasa wana magwanda ya jeshi. Sikumwambia hata Sylvère. Nilimeza miaka mitatu. Leo daktari amenikataza kumeza, na ghafla kila mtu mtaani anataka kujua kwa nini.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Barabara ya kusini imefungwa tena, watu wamerudi kwa miguu. Wali, lengalenga.

Alhamisi, 2 Aprili

Ingrid ameanza. "Maman, weka midomo tu. Usivute. Nani atajua?"

"Mimi."

"Watasema nimetoka kwenye nyumba ya watu wenye chuki. Mimi ndiye nitakayeishi nao." Akaanza kulia. Ana miaka ishirini na tatu. Kuhusu Méthode anajua kwamba alipotea, basi. Nilitaka kumwambia, nikashindwa kumharibia mchumba. Nikamkasirikia yeye badala yake, kitu ambacho si haki.

Jumamosi, 4 Aprili

Kwa Astère. Nimepungua kilo nne za maji, amefurahi. Nilimuuliza kuhusu funda moja la pombe, siku moja tu. Nilitaka aseme nitakufa.

"Funda moja?" alisema. "Utawashwa siku chache. Kunywa, mama, muoze binti yako."

Sijawahi kumchukia mtu kwa habari njema kabla ya leo. Nilifanya kosa la kumwambia Ingrid.

Jumapili, 12 Aprili, Pasaka

Baada ya misa wote watatu mezani, Sylvère na Ingrid wakinieleza kwa zamu jinsi ya kuweka midomo kwenye mrija. Wananieleza kama mtoto. Palikuwa na mkate wa Pasaka ambao shemeji alileta kutoka Kiriri, mweupe, mkate ambao hauonekani huku kwetu. Niliuvuta nikaula nusu yake, mkavu, nikiwatazama. Hakuna aliyenizuia.

Alhamisi, 16 Aprili

Siku nne za kujikuna mpaka damu. Uji wa mahindi tu. Nilitaka kuwaadhibu wao na nimejiadhibu mimi. Sitarudia.

Jumamosi, 18 Aprili

Aloys amekuja saa nne asubuhi, kofia mkononi. Sylvère alikuwa ametoka. Nilikuwa nachambua mchele barazani. Sikumpa kiti, akajikalia ukingoni.

"Mama Ingrid, mtoto wako ameniambia daktari amekuruhusu funda moja. Nawe bado hutaki."

Niliweka ungo chini.

"Mzee Aloys, siku ile walikuuliza kama unamjua Méthode?"

Nilitegemea aulize siku ipi. Hakuuliza.

"Waliniuliza."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia simjui."

"Alikutengenezea redio."

"Mara mbili." Alizungusha kofia. "Ningesema namjua, wangeniuliza namjuaje, na wewe ni nani, na kwa nini unamtetea. Nilikuwa na watoto ndani ya nyumba."

"Na mimi nilikuwa na mtoto wa mama yangu nje ya nyumba yako."

 Ana miaka kama sitini na tano, na niliuona uzee wake na sikuuhurumia.

"Miaka mitatu nimesubiri uniulize," alisema. "Lakini ulikuwa unakunywa. Kila ulipokunywa kwangu nilisema moyoni, huyu mama ameyaacha."

"Nilikunywa kwa sababu nilikuogopa. Nilikuogopa wewe na wale vijana. Ukauchukua woga wangu ukaufanya msamaha."

"Sasa unataka nini?"

"Uyaseme mbele ya watu, maneno hayohayo uliyoyasema hapa."

"Siku ya posa ya mtoto wako?"

"Siku yoyote. Chagua mwenyewe."

Alivaa kofia. Akasema, "Siwezi," kwa upole kabisa, kama mtu anayekataa chai, akavuka barabara. Nimemaliza kuchambua mchele. 

Jumapili, 19 Aprili

Maharage na ndizi. Ingrid nimemwambia yote. Hakulia. Akaniuliza betri zile zilikuwa za redio ya nani.

Jumamosi, 25 Aprili

Posa. Mvua ilikatika asubuhi, tukaweka viti uani juu ya matope. Aloys hakuja. Spès alikuja na wanawake wengine na kusema mumewe ana malaria. Aliyesema kwa niaba yao ni mjomba mmoja kutoka Buterere, mkulima wa mpunga, mzee mcheshi, viatu vya kuazima. Aliomba msamaha kwa ufupi wa ujuzi wake kisha akaongea dakika arobaini.

Mtungi ukaletwa. Akaonja, akaniletea mrija. Watu wote walinitazama, Sylvère alitazama chini.

"Mzee, tumbo langu limekataa kilichochachuka," nilisema. "Lakini nimekupokea."

"Tumbo lina mwenyewe," akajibu. "Mtu amletee mama maji." Akampa mrija mtu wa pembeni yangu, akaendelea na habari za ng'ombe.

Basi. Hakuna aliyeanguka, hakuna ndoa iliyovunjika. Miezi miwili nimesemwa mtaani kwa jambo ambalo mkulima wa Buterere amelimaliza kwa sentensi mbili. Hamira haikuwa shida kwa yeyote asiyekuwa na kitu cha kuficha.

Wamepewa Ingrid. Nilikula wali, mbuzi, na chapati za Khadidja, na nilikuwa na furaha pembeni ya hasira.

Jumapili, 26 Aprili

Nimemwambia Sylvère asubuhi kwamba najua malaria ya Aloys ni nini. Nikamsimulia yote tangu mwanzo, Sijaona, bariyeri, "simjui." Alinisikiliza akipaka kiatu rangi. Aliendelea kupaka kiatu kimoja tu.

"Ulikuwa unajua?" nilimuuliza.

"Aloys aliniambia wiki ileile."

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Alikuja kazini kwangu," alisema. "Alilia. Tukakubaliana usiambiwe. Ungesema kitu, na wangekuja kwetu. Ulikuwa na Ingrid."

"Kwa hiyo ulinitazama nikinywa kwake."

"Nilifikiri hujui, na kwa kuwa hujui haikuumi."

"Na mimi nilifikiri wewe hujui."

Miaka mitatu tumelindana, kila mtu upande wake wa kitanda, na aliyepata faida ni mmoja tu, anayeishi ng'ambo ya barabara. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Alivaa viatu, kimoja kinang'aa na kingine hakijapakwa, akaenda misani peke yake.

Jumapili, 3 Mei

Ugali, ndagala, nyanya. Hatuongei. Mvua zinapungua.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeamua. Mwili hatuna, lakini matanga nitayaondoa. Wanasema hayaondolewi bila pombe. Nitayaondoa kwa chakula ninachoweza kula. Nimewaalika watu thelathini kwa mdomo wangu mwenyewe, nyumba kwa nyumba, hata kwa Aloys. Spès alinifungulia mlango akanisikiliza mpaka mwisho. 

Jumamosi, 16 Mei

Walikuja tisa. Nyumba nyingine zilifunga madirisha mchana kweupe. Nawaelewa, na nimewakasirikia vilevile.

Khadidja alifika saa moja asubuhi na beseni la chapati, tukapika pamoja. Wali wa Buterere, mukeke, sombe, maharage na ndizi, avoka zilizoiva vizuri. Ingrid na Eddy walipanga viti uani, upande wa barabara, kama nilivyotaka. Aloys alikuwa barazani kwake. Hakuingia ndani. Kutoka pale anasikia kila kitu.

Kabla ya kula nilisimama. Nilisema Méthode alizaliwa lini, kwa mama gani, na kwamba aliweza kutengeneza redio iliyozama ziwani. Kisha nikasema alivyotoka kununua betri, walivyomzuia, aliyemtaja, na alichojibiwa. Sikupaza sauti.

"Mi nilikuwa pale," Sijaona alisema akiwa amekaa. "Ni vile vile. Nilisikia na masikio yangu, na nilinyamaza."

Nilikuwa najiandaa kukaa, ndipo Sylvère aliposimama. Hatujaongea wiki tatu na sikuwa nimemwomba. Alishika mgongo wa kiti.

"Nami nilijua," alisema. "Aliniambia wiki ileile. Nilinyamaza ili tuendelee kukaa hapa. Méthode alikuwa shemeji yangu, alilala nyumbani kwangu, na mimi pia nilifanya kama simjui."

Alikaa. Sikumshika mkono. Lakini nilimpakulia wa kwanza.

Tulikuwa tumeanza kula Spès alipovuka barabara. Alikuja peke yake, bila mtungi, na mchele kidogo kwenye kitambaa. Alisimama penye geti.

"Mama Ingrid, kuna nafasi?"

Ulimi wangu ulikuwa na majibu matatu, yote mabaya, na jibu moja zuri. Nilikuwa na haki ya yote manne. Eddy alishasimama kumpisha shangazi yake kiti, halafu akaganda akinitazama mimi.

"Sahani ziko pale," nilisema.

Alijipakulia mwenyewe, kidogo, akakaa mwisho wa mstari. Alikula akilia bila sauti, na watu walimwacha ale. Ng'ambo, Aloys aliinuka, akasimama kitambo ameelekea kwetu, nikafikiri anakuja. Akaingia ndani.

Leo nimekula: wali, mukeke, sombe, chapati moja na nusu. Kisha nikarudia sahani ya pili, mbele yao wote. Siwashwi popote. Hasira bado ninayo, ipo palepale, na nimekula nikashiba.